Je, Wajua? Kibomba Kinachorudisha Pumzi

Mtu wa Voi hahitaji kuelezwa maana ya bomba. Maji ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, husafiri kwa bomba hadi Mombasa, na likizibwa mahali pamoja tu, walio mbele yake hulala na ndoo tupu. Kifuani nako mna bomba: trakea, urefu wake sentimita 10 hadi 12 hivi, upana wake karibu sentimita 2.

Saratani ikiota ndani yake, au uvimbe wa jirani ukiibana kutoka nje, hesabu yake inatisha. Njia ikipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa inayotiririka kwa utulivu hauongezeki mara mbili. Huongezeka mara 16. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuwa akihema tu akipanda kilima anaweza, siku chache baadaye, kushindwa kulala chali. Upana ukibaki milimita 5 hivi, pumzi hutoa mluzi hata akiwa ameketi.

Uvimbe usipoweza kukatwa, madaktari huweka stenti, kibomba kinachoiweka njia wazi. Jina hilo limetoka kwa Charles Stent, daktari wa meno Mwingereza wa karne ya 19. Mwaka 1990 Jean-François Dumon wa Marseille, Ufaransa, alitangaza stenti ya silikoni yenye vinundu kwa nje ili isiteleze. Nyingine ni wavu wa nitinoli, madini ya nikeli na titani yaliyochanganywa: hukunjwa ikawa nyembamba, na ikiachiwa mahali pake hutanuka yenyewe. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, bronkoskopu, mrija wa kuchungulia njia ya hewa, hupitishwa kinywani, na kifua hakipasuliwi. Mara nyingi nafuu huja siku hiyo hiyo.

Kenya ina uzoefu mkubwa wa kifaa ndugu yake. Mwaka 2009 jarida la Lancet Oncology lilichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900 wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula, waliowekewa stenti katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, ili waweze kumeza tena. Umio na trakea zimeegemeana, moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo saratani ya umio huweza kubana pumzi pia.

Stenti haiponyi saratani. Makohozi huweza kuiziba, yenyewe huweza kusogea, na uvimbe huweza kukua kupita ncha zake. Lakini humpa mtu usingizi, sauti ya kuzungumza na wajukuu, na nguvu ya kuanza mionzi au dawa. Kwangu hilo si jambo dogo hata kidogo.

Basi, msomaji wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta: kikohozi kikipita wiki mbili, ukitema damu, au ukivuta pumzi yenye mluzi ambayo dawa ya pumu haiitulizi, usikae nyumbani ukingoja. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Moi hapo Voi, uombe kifua chako kipigwe picha.