Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga

Somo la leo ni juu ya kiwanja cha mpira. Najua mzee mmoja atasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya watoto." Subiri kidogo, mzee wangu.

Mjini Sumbawanga upo uwanja uitwao Nelson Mandela. Huyo ndiye aliyepigania haki za Waafrika wa Afrika Kusini, akafungwa miaka 27, na mwaka 1994 akawa Rais. Mwaka 1962, kabla hajafungwa, alitoka nchini mwake kwa siri, akashuka Mbeya kwa ndege ndogo, ndipo akaenda Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere. Basi jina hilo si geni kwa upande wetu huu.

Sasa mpira. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo tangu 1971 huitwa Simba. Ligi zina madaraja kama shule: timu zinazofanya vizuri hupanda, zinazofanya vibaya hushuka. Katika Ligi Kuu kila timu hukutana na mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini.

Je, nyumbani ni wapi? Ni uwanja ambao timu imeuandikisha kwa michezo yake. Si lazima uwe mahali wachezaji wanapolala. Katika msimu wa 2020/21, Tanzania Prisons, timu ya Magereza ya Mbeya, iliuchagua uwanja wa Sumbawanga kuwa nyumbani kwake. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilometa 300! Lakini kumbukeni: mpaka mwaka 1974, ulipoundwa Mkoa wa Rukwa, Sumbawanga ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Wageni hao walikuwa kama ndugu wa zamani.

Mwezi wa Oktoba 2020 Simba wakaja. Walikuwa wametwaa ubingwa mara tatu mfululizo. Katika kipindi cha pili Samson Mbangula akafunga bao, na mchezo ukaisha hivyo: Prisons 1, Simba 0. Mtu aliyezoea kuisikia Simba redioni tu aliiona kwa macho yake, tena ikifungwa. Simba hata hivyo walitwaa ubingwa tena mwisho wa msimu, na baadaye Prisons walirudi Mbeya, katika uwanja wenye jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1984.

Uwanja wa Sumbawanga ungalipo. Goli la uwanja wa ligi, Sumbawanga au Dar es Salaam, lina upana wa meta 7.32 na kimo cha meta 2.44.

Kazi ya juma hili: chukueni kamba, mkapime goli la kijijini kwenu. Andikeni upana, kimo, na tofauti.