Singida ya Mwaka Gani?

Anayetaka kuijenga Singida ndani ya kompyuta, watu na mashamba yake, hana budi kuamua kwanza ni ya mwaka gani. Akiweka alizeti zilizochanua na mapaa ya bati, hiyo ni ya leo. Akirudi hadi 1960, ajaze mtama na uwele mashambani, kisha asimamishe tembe.

Tembe lenyewe lina ufundi wake. Nguzo zenye panda hubeba boriti. Juu yake hupangwa fito, halafu hutandazwa udongo na kushindiliwa hadi paa liwe bapa, mazao yaweze kuanikwa juu. Kwa mvua za Bukoba paa hilo lisingedumu. Singida, yenye msimu mmoja tu wa mvua na kiangazi kirefu, linafaa.

Kwa nini 1960? Kwa sababu zama hizo zina shahidi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, alikaa kwa Wanyaturu wa Singida mwaka 1959 na 1960 akichunguza mifugo, mashamba na mahari, na kitabu chake kikatoka 1970. Ukirudi nyuma karne moja zaidi, maandishi ya kina namna hiyo hayapo, na mjenzi atalazimika kuziba mapengo kwa kubuni.

Tena zama hizo zilikuwa ukingoni. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya Watanzania, watu wa Singida wakiwemo.

Waanzilishi wa Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, waliwahi mapema. Walikianzisha 1966, mafundi wa nyumba za jadi wangali hai, na ndiyo maana mgeni anaweza kuingia ndani ya tembe la Wagogo, majirani wa Singida. Ulikuwa uamuzi wa busara sana.

Mwaka 2003 mwanafalsafa Nick Bostrom wa Oxford alikwenda mbali kuliko mjenzi wetu wa kompyuta: huenda sisi wenyewe tumo ndani ya ulimwengu wa kuigizwa, ulioundwa na vizazi vijavyo vinavyowachunguza mababu zao. Kuthibitisha hilo ni vigumu. Lakini kama wapo, zama zetu zina kila cha kuwavutia: simu zinarekodi karibu kila kitu, na maisha yanabadilika mbele ya macho yetu.

Mjenzi wa Singida ya 1960 hana picha nyingi kiasi hicho. Anao wazee waliokuwa vijana wakati huo, ambao sasa wamevuka themanini, nao ndio wa kuulizwa kwanza jinsi paa lilivyoshindiliwa na uwele ulivyohifadhiwa.