Salaita: Kilima cha Mahandaki

Kilima cha Salaita, mashariki mwa Taveta nchini Kenya, si kirefu. Hata watoto hukimudu, wakiwahi asubuhi kabla jua halijawa kali. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakakigeuza kilima hiki ngome. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilitwanga kileleni, kumbe askari wa Kijerumani, wengi wao Waafrika, wamejichimbia chini, mguuni pa kilima. Wanajeshi wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, walirudishwa nyuma, na Wabaluchi wa jeshi la India ndio waliowakinga. Mahandaki yale yangalipo, yamefunikwa na vichaka. Mzazi amwinamishe mwanawe ayatazame vizuri, lakini asiokote chuma chochote kilichosalia.