Sokoni Makina, Wimbo Huchaguliwa kwa Macho

MCHEZA kwao hutunzwa, walinena wahenga. Lakini huyu aliyeegemea ukuta karibu na soko la Makina, gitaa kifuani na kopo tupu miguuni, kwao ni wapi? Huenda ametoka Kakamega ama Siaya. Wanaopita mbele yake ni Wanubi, Waluhya, Wajaluo, Wakamba, Wakisii na Wakikuyu, na kila sikio lina wimbo wake. Akikosea kuchagua, kopo litarudi nyumbani jinsi lilivyokuja, na huko watoto wanangoja unga.

Makina si mtaa wa jana. Wanajeshi wa Kisudani wa kikosi cha King's African Rifles walikita makao Kibera na jamaa zao mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe limetokana na Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288 za ardhi hiyo. Kwa hiyo anayepiga gitaa hapo amesimama uani pa watu wenye ngoma zao. Doluka ya arusini ina wenyewe na ina wakati wake. Mgeni hana haja ya kuiiga. Yampasa tu kushika adabu: adhana ikisikika, gitaa linyamaze, mwezi wa Ramadhani, nyimbo za ulevi ziwekwe kando.

Je, aimbe nini? Kwanza atazame ni nani anayepita, tena saa ngapi. Asubuhi watu wanakimbilia kazini. Huyo hasimami kusikiliza kisa. Mpe wimbo anaoutambua tangu mlio wa kwanza, atoe sarafu bila kukatiza mwendo. Jioni mambo ni tofauti. Mama anachagua nyanya na sukuma wiki, mzee anangoja viatu vyake vishonwe. Hapo wimbo wenye hadithi hupata nafasi.

Kwa wazee wa Magharibi, omutibo haina mpinzani. Ni mtindo uliovumishwa na George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963: gitaa kavu moja, na mwenzake akigonga chupa ya soda. Haihitaji stima wala spika. Benga nayo inapendwa sana, hasa nyimbo za D.O. Misiani, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Lakini utamu wa benga umo katika magitaa kujibizana na besi kusukuma. Mtu mmoja akiipiga peke yake yafaa aipunguze kasi, la sivyo itasikika nyembamba.

Palipo na makabila mengi, nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1960 ndizo daraja. Malaika aliyoirekodi Fadhili William haina kabila. Helule Helule ya Daudi Kabaka ilivuka bahari, ikaimbwa na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968. Hata hivyo, si kila wimbo maarufu hufaa kila mahali. Jambo Bwana ya Them Mushrooms, iliyotoka mwaka 1982, humkaribisha mgeni Kenya. Katika hoteli za Pwani huleta noti. Makina, ambako msikilizaji anaishi hatua chache kutoka hapo, huenda ikaleta kicheko tu.

Vijana nao wanataka gengetone, iliyovuma kuanzia mwaka 2018. Lakini sokoni hakuna mlango wa kufunga. Maneno yakiwa machafu, mama mwenye mtoto atapita upande wa pili, na aghalabu yeye ndiye aliyeshika pochi.

Liko kosa moja linalozidi kopo tupu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza soko la Toi, jirani kabisa na Makina. Mwaka 2012 wanamuziki watatu walifikishwa mahakamani kwa madai kwamba nyimbo zao zilichochea chuki. Basi wakati wa kampeni, akija mtu na noti nono akitaka wimbo wa kusifu upande mmoja na kuubeza mwingine, mwimbaji aipime noti hiyo vizuri. Mtoaji ataondoka na gari lake. Mwimbaji atarudi kesho kwenye ukuta ule ule, mbele ya watu wale wale aliowatukana.

Njia ya kujifunza ni rahisi. Piga nyimbo tatu za aina tofauti, kisha tazama miguu kabla ya kutazama kopo. Mguu ukipunguza mwendo, wimbo umefika. Usiposimama hata mmoja, badilisha.

Nawe msomaji, ukipita hapo na wimbo ukakugusa, usiondoke kimya. Sarafu yako ya shilingi 20 ni chakula, na pia ni kura: ndiyo inayomwambia mwimbaji wimbo wa kupiga kesho.