Soma Upepo Kabla ya Kuinua Kamera

Barabara ya kurukia ndege ya Kismayu ina namba mbili. Mwisho mmoja ni 05, mwisho wa pili ni 23. Hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa tarakimu ya mwisho: ndege inayoruka kwa 05 huelekea nyuzi 50, yaani kaskazini-mashariki, na inayoruka kwa 23 huelekea nyuzi 230, kusini-magharibi. Nahodha wa visiwa vya Koyama au Chovai atazitambua pande hizo hata kama hajapanda ndege maishani mwake. Ya kwanza ndiko inakotoka kaskazi. Ya pili ndiko inakotoka kusi.

Barabara haikulazwa hivyo kwa bahati. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kwa sababu kinachoibeba ni kasi ya hewa inayopita kwenye mabawa, wala si kasi ya magurudumu juu ya lami. Upepo wa noti 15 usoni ni noti 15 ambazo injini haikuzigharamia. Membe aliyesimama mchangani hufuata kanuni hiyohiyo: huelekeza mdomo upeponi, hukunjua mabawa, na huinuka karibu bila kukimbia. Mashua nayo haitoki wala hairudi ila kwa jinsi tanga linavyoupokea upepo. Kwa hiyo mpiga picha wa pwani hii, iwe anataka ndege za abiria, ndege wa manyoya au wavuvi wanaorudi na samaki, aulize swali moja kabla ya kuuliza bei ya lenzi: leo upepo watoka wapi? Akijua hilo, ameshajua vitu vyote vitaelekeza uso wapi.

Kaskazi asubuhi, kusi alasiri

Kaskazi hushika takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Anga huwa wazi, bahari huwa ya kusafirika, na vumbi la bara huwa jingi. Kusi huanza kuingia Aprili au Mei na hukaza mnamo Juni na Julai, na upande wa bahari kuu mawimbi huwa makali hata vyombo vidogo vikafungwa. Kati ya misimu hiyo kuna tangambili, upepo usipokuwa na msimamo. Siku hizo rubani aweza kutua kwa 05 asubuhi na kwa 23 jioni, na mpiga picha hana budi kutazama bendera na moshi wa majiko kila saa.

Sasa tuongeze jua. Kismayu iko kusini mwa ikweta kwa chini ya nusu nyuzi. Hapo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, na hupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Saa mbili na nusu limeshafika juu kiasi cha kutia kivuli kizito chini ya kofia ya mvuvi na chini ya bawa la ndege. Mwanga laini wa pembeni ambao watu wa Ulaya huufaidi kwa saa nyingi, hapa hudumu kama saa moja na nusu asubuhi na muda kama huo jioni. Baina ya hapo rangi huparara.

Kanuni ya wapiga picha wa viumbe na vyombo vinavyoruka ni kuweka jua na upepo mgongoni kwa pamoja. Jua nyuma yako huangaza kile unachokitazama, na upepo nyuma yako hukifanya kije kikikuelekea. Weka kanuni hiyo juu ya ramani ya pwani yetu, na jibu hujitokeza lenyewe. Wakati wa kaskazi upepo hutoka kaskazini-mashariki na jua la asubuhi liko mashariki, hivyo viwili hivyo hukaribiana asubuhi. Wakati wa kusi upepo hutoka upande wa kusini-magharibi na jua la alasiri liko magharibi, hivyo hukaribiana alasiri. Asubuhi za kaskazi na alasiri za kusi ndizo saa zenye mavuno. Asubuhi ya kusi utapata migongo na mikia kwa wingi.

Pangaboi lisisimame hewani

Ndege nyingi zinazohudumia miji midogo ya pwani, kuanzia Kismayu hadi Manda inayohudumia Lamu, ni za pangaboi. Cessna Caravan huonekana sana, na Fokker 50 zimefanya safari nyingi za Somalia, zikiwemo za miraa kutoka Kenya. Biashara hiyo ya miraa ilisimamishwa na serikali ya Somalia Machi 2020 wakati wa korona, ikarejeshwa Julai 2022.

Anayeanza hudhani ndege ni kitu cha kasi, basi shata iwe ya kasi kadiri iwezekanavyo. Kwa ndege za jeti ni sawa. Sehemu ya 1,000 ya sekunde inatosha vizuri. Kwa pangaboi, shata hiyo huharibu picha. Chukua Caravan: pangaboi lake huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika, yaani karibu mara 32 kwa sekunde. Ndani ya sehemu ya 1,000 ya sekunde huzunguka nyuzi 11 tu. Panga zake huonekana zimeganda, na ndege iliyo angani huonekana kana kwamba injini imezimika. Ukishuka hadi sehemu ya 125, pangaboi huzunguka nyuzi 90 hivi, na kwenye picha huwa pazia jepesi la mviringo. Hapo mtazamaji huona injini inafanya kazi.

Gharama yake ni kwamba mkono wako nao utaonekana ukitikisika. Dawa ni kuifuata ndege kwa kiuno: panda miguu imara, bana viwiko mbavuni, anza kuzungusha mwili kabla ndege haijafika mbele yako, bonyeza huku ukiendelea kuzunguka, na usisimame ghafla baada ya kubonyeza. Piga nyingi. Wengi wa wazoefu hutupa zaidi ya nusu ya walizopiga kwa shata ndogo.

Adui mwingine ni mazigazi. Kuanzia saa nne lami na mchanga huchemka, hewa ya moto hupanda kwa mawimbi, na ndege iliyo mbali hutoka imejikunja kama iliyopigwa picha kupitia maji. Lenzi ndefu haiponyi hali hiyo. Huikuza pamoja na ndege yenyewe, kwa sababu hewa iliyo kati yako na unachokipiga haipungui. Sogea karibu au njoo mapema.

Kuhusu kusogea karibu, lazima tuseme wazi. Baada ya al-Shabaab kuondolewa Kismayu mwaka 2012, vikosi vya Umoja wa Afrika vimekuwa na kambi kwenye uwanja wa ndege wa mji huo. Mtu anayeelekeza lenzi ya milimita 400 kwenye uzio wa uwanja wa namna hiyo haonekani mpenda ndege machoni pa askari, na maelezo yake yatasikilizwa akiwa ameshakamatwa, au mabaya zaidi. Usipige kambi, vizuizi vya barabarani, helikopta za kijeshi wala askari. Pata ruhusa ya maandishi, au zipige ndege zikiwa zimeshapanda juu ya bahari, ukiwa mbali na uwanja. Droni isiinuliwe kabisa bila kibali. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020, na kwenye mpaka wenye vita droni ya mtu asiyejulikana huweza kufyatuliwa risasi.

Ndege huletwa na maji

Kwa ndege wa pwani, upepo hukuambia wataelekea wapi, na maji hukuambia watakuwa wapi. Yakipwa, husambaa kwenye tope na miamba hadi macho yakashindwa kuwafuata. Yakijaa, husukumwa kuja nchi kavu hadi wakasongamana kwenye fungu dogo la mchanga. Anayewafuata wakati wa kupwa huwachosha na kujichosha. Anayekaa mapema karibu na fungu na kusubiri maji yajae huletewa ndege mbele ya lenzi.

Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwenye pwani ya Lamu na Mombasa maji hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa sana karibu na saa nne. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hesabu basi: bamvua za msimu wa kusi hukupa maji makuu, jua la magharibi na upepo wa kusini-magharibi katika saa moja. Siku hizo ni chache kwa mwezi, na ndizo za kuwekea nafasi.

Lakini ndege wenyewe wana misimu yao. Sululu, vitwitwi na jamaa zao wa tope huja kutoka kaskazini ya mbali kuanzia Septemba, na wengi huondoka Aprili. Pamoja nao yumo ndege mmoja ambaye watu wa nje husafiri mbali kumtazama: mla kaa mweusi na mweupe, mwenye mdomo mnene kama wa kunguru, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Huzaa kwenye visiwa vya mchanga vya Bahari ya Shamu, Ghuba na pwani za jirani, naye ni wa pekee miongoni mwa ndege wa tope kwa kuchimba shimo mchangani na kutaga humo, kwa kawaida yai moja jeupe. Joto la mchanga humsaidia kuatamia. Akija kwetu huja na kinda wake, na miezi kadhaa baadaye utamwona kinda huyo, mkubwa kama mzazi, bado akimfuata na kuomba kaa. Hiyo ndiyo picha ya kumngoja.

Rangi zake mbili humsumbua mwenye kamera. Akiwa mbele ya maji meusi, kamera huongeza mwanga kuliko inavyofaa na weupe wake huungua ukawa kama karatasi. Punguza mwanga kwa hatua moja. Akiwa mbele ya mchanga unaong'aa, kamera hufanya kinyume, naye hutoka kivuli kitupu. Ongeza hatua moja. Shata iwe sehemu ya 2,000 kwa ndege arukaye. Yeye hana pangaboi la kuhifadhi.

Msimu wa kusi ni zamu ya buabua wanaozaa kwa makundi kwenye visiwa vidogo vya mawe. Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa Kenya mwaka 1979 kusini tu mwa mpaka, ni maarufu kwa buabua wa kifua chenye wekundu wa waridi. Usikanyage kisiwa chenye mayai. Kundi likiinuka, mayai hubaki juani kwenye mwamba wa moto na membe huyanyakua. Piga ukiwa ndani ya chombo, injini imezimwa, kisha ondoka.

Mashua, nyavu na watu

Vitu vya kila siku havihitaji lenzi ya bei. Simu inatosha, mradi ujue umesimama wapi. Pwani ya Kismayu hadi Ras Kamboni imelala kusini-magharibi na bahari iko upande wa kusini-mashariki. Asubuhi, aliye ufukweni hutazama jua na mashua hutoka nyeusi. Mwanga huo hufaa kwa umbo la tanga, viraka vyake na kamba zake, haufai kwa uso wa mtu. Ukitaka nyuso asubuhi, ingia chomboni upige ukitazama kijiji. Alasiri jua huwa nyuma ya minazi, na wanaoteremsha samaki ufukweni huangazwa vizuri. Kusi inapochafua bahari kuu, usifikiri kazi imekwisha: visiwa kama Koyama na Chovai vimejipanga sambamba na bara, na katika mlango uliopo kati yao na nchi kavu maji hutulia na wavuvi huendelea.

Hapo tena omba ruhusa, kwa salamu kwanza na kamera baadaye. Mama anayetafuta pweza miambani au anayeanika ng'onda ana haki ya kukataa, na mwenye watoto ndiye anayewasemea. Ukiahidi kuleta picha, ilete.

Thamani ya picha hizi haionekani siku ile ile. Mtepe, chombo cha Wabajuni, wenyeji wa visiwa hivi na pwani yake, kilichoshonwa kwa kamba bila misumari na kubeba tanga la mkeka, kilitoweka baharini kwenye miaka ya 1930. Wanaojenga mifano yake ya makumbusho hutegemea maelezo na picha za watu walioona haja ya kukipiga kilipokuwa cha kawaida. Mwaka 1955 Mwitalia Vinigi Grottanelli alichapisha kitabu kizima kuhusu wavuvi Wabajuni wa pwani ya Jubba. Hakuna aliyejua kwamba baada ya 1991 vita vingewatawanya wengi wa watu hao hadi Mombasa, Malindi na Uingereza, na kwamba picha ya jahazi la kawaida ingekuwa njia ya mjukuu kujua babu yake aliishi vipi.

Picha isiyo na maelezo haimsaidii mjukuu huyo. Kabla ya kulala, andika kwenye kila faili mahali kwa jina wanalolitumia wenyeji, Darakasi iwe Darakasi na Chula iwe Chula, kisha tarehe, saa, hali ya maji na upepo, na jina la chombo. Majina ya watu yaandike wakiridhia tu. Mfano: mashua mbili zikirudi, mlango wa Chovai, kusi, maji yakijaa, saa kumi na nusu alasiri.