Tangi la Samaki Juu ya Kichanja cha Chuma

Wanafunzi wengi, na hata wazazi waliofika siku ya kufunga shule, wameuliza kwa nini tangi la samaki la Chama cha Sayansi limeondolewa mahali pake pa zamani katika maabara ya Biolojia, likawekwa chini karibu na ukuta, juu ya kichanja kifupi. Kwa kuwa mimi ndimi niliyesema "Inatosha" siku ile tulipoliweka mara ya kwanza, nimeona ni haki niyaeleze mambo hayo mimi mwenyewe, pamoja na hesabu zake.

Kwanza na tulipime tangi. Ndani lina urefu wa sentimeta 120 na upana wa sentimeta 40, na maji yake yana kina cha sentimeta 40. Zidisha, utapata sentimeta za ujazo 192,000, yaani lita 192; na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hizo ni kilo 192 za maji matupu. Kioo chake kina unene wa milimeta 10, na kioo cha unene huo huwa na kilo 25 kwa kila meta ya mraba. Tangi letu limekula karibu meta mbili za mraba, basi ongeza kilo 49. Chini tumetandaza mchanga wa sentimeta 5, yaani lita 24. Mchanga huo umechukua mahali pa maji ambayo yangekuwa na kilo 24, lakini lita moja ya mchanga uliolowa hufika kilo mbili hivi. Kwa hiyo hapo pana nyongeza ya kilo 24 nyingine. Mawe, kifuniko na pampu ni kama kilo 10. Jumla ni kilo 275, yaani mifuko mitano na nusu ya saruji, na wala sijawataja samaki, ambao uzito wao si kitu.

Kichanja tulikitoa stoo ya vitabu. Ni cha aina ile inayoonekana katika maghala na maduka ya vipuri: nguzo nne zenye matundu, na boriti za chuma zinazopachikwa kwa ndoano katika matundu hayo bila bolti. Kila rafu hubebwa na boriti mbili, moja mbele na moja nyuma, kisha juu yake hulazwa ubao. Nguzoni palikuwa na kibandiko kilichosema kilo 300 kwa kila rafu. Mimi nikatoa 275 katika 300, nikaona zimebaki 25, nikasema, "Inatosha." Kwa kuwa tangi lilikuwa refu kwenda juu kuliko nafasi iliyokuwapo, tuliing'oa rafu ya katikati tukaiweka kando. Mwalimu wetu alikuwa safarini wiki hiyo, nasi tulikuwa na haraka ya kumwonyesha kazi akirudi.

Siku ya 19, alfajiri, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa zamu ya usafi aliingia akifagia, akasikia mlio kama wa kijiti kikavu. Pembe ya mbele ya tangi ilifunguka toka juu hadi chini. Maji yote yalishuka sakafuni kwa muda mfupi kuliko ninavyotumia kuandika habari hizi. Yeye alikuwa amepita mbele ya kichanja punde tu kwenda kuchota maji ya kupigia deki, akawa hatua nne mbali. Alilowa miguu, basi. Perege kumi na mmoja walikufa. Watatu tuliwaokota wakiwa hai chini ya meza.

Tulipotazama kichanja tukakikuta kimesimama. Hakikuvunjika popote. Ila boriti ya mbele ilibaki imepinda milimeta 3, ingawa maji yalikuwa yamekwisha toka. Mwalimu wetu wa Fizikia hakutukemea, bali alituambia tukae na karatasi mpaka tuone wenyewe kosa li wapi.

Kosa la kwanza tuliliona upesi. Upana wa kichanja, toka boriti ya mbele hadi ya nyuma, ni sentimeta 60, na tangi kwa nje ni sentimeta 42. Sisi tulilisogeza mbele kabisa ili samaki waonekane vizuri. Kwa hiyo kitovu cha uzito kilikuwa sentimeta 21 tu kutoka boriti ya mbele, na sentimeta 39 kutoka ya nyuma. Anayejua kanuni ya momenti ataona kwamba boriti ya mbele ilichukua sehemu 39 katika 60 za mzigo, yaani kilo 179, na ya nyuma kilo 96. Tena kilo 300 zile ni za boriti mbili zinazogawana sawasawa, kila moja 150. Basi ya mbele ilikuwa imekwisha pita kiasi chake tangu siku ya kwanza, na ile akiba yangu ya kilo 25 ilikuwa ya bure.

La pili halikuonekana upesi. Namba inayoandikwa juu ya vichanja hivi ni ya mzigo uliotandazwa sawasawa toka mwisho mmoja wa rafu hadi wa pili. Boriti yetu ina urefu wa sentimeta 180, na tangi kwa nje ni sentimeta 122. Likakaa katikati, na huku na huku pakabaki nafasi tupu. Mzigo uliokusanyika katikati huipinda boriti zaidi kuliko uliotandazwa, kama vile mtoto akining'inia katikati ya tawi huliinamisha kuliko akiwa karibu na shina. Tulipopiga hesabu tukaona kupinda kunazidi kwa karibu theluthi. Ni kana kwamba boriti ile ya mbele, iliyoahidi kilo 150, ilitwikwa kilo 237.

Lakini kwa nini basi lilivunjika tangi, wala si kichanja? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na naomba msomaji asipapite mbio. Chuma hupinda kidogo bila kuumia; kioo hakikubali. Wenye maghala aghalabu huruhusu boriti ipinde hadi sehemu moja ya mia mbili ya urefu wake, ambayo kwa sentimeta 180 ni milimeta 9. Makasha ya vitabu hayajali milimeta 9. Tangi la kioo hujali sana. Boriti ilipoanza kushuka katikati, tangi halikushuka nayo, bali lilibaki limeegemea miisho yake miwili, na chini yake katikati pakawa wazi. Tangu hapo tangi lenyewe likawa boriti. Mzigo uliopungua juu ya chuma ukahamia katika kioo na katika silikoni inayounganisha pembe. Na pembe hizo tayari zina kazi yao: maji ya kina cha sentimeta 40 hukisukuma kioo cha mbele cha tangi letu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 96, usiku na mchana, bila kupumzika. Basi kichanja kilijiokoa kwa kulitwika tangi mzigo wake.

Lililozidisha ubaya ni sakafu. Sakafu ya maabara imeteremka kidogo kuelekea mfereji wa maji, kama ipasavyo, na mguu mmoja wa kichanja ulikuwa upande huo. Miguu mitatu ikiwa sawa na wa nne chini, rafu hujikunja kama karatasi iliyoshikwa pembe mbili za mkabala. Pembe iliyofunguka ndiyo iliyokuwa juu ya mguu huo.

Kuhusu rafu tuliyoing'oa, hiyo haikutudhuru safari hii, lakini ingaliweza kutudhuru vibaya zaidi kuliko yote. Boriti za rafu hazibebi mizigo tu. Huzishika nguzo zisipinde kando. Mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, alieleza mwaka 1744 jinsi nguzo ndefu nyembamba inavyopinda ghafla chini ya mzigo: ukiuongeza maradufu urefu usioshikwa, mzigo wa kuipinda hushuka hadi robo. Nasi ndivyo tulivyofanya kwa mikono yetu, tukafurahi kupata nafasi.

Nilipokwenda kumwomba fundi seremala wa shule atusaidie, nilimwamkia kisha nikamwambia tunataka ubao mnene sana wa kuweka chini ya tangi. Akacheka. "Mwanangu," alisema, "ubao hautaisaidia boriti iliyochoka." Kisha akanipa fito nne na misumari minne, akaniambia nitengeneze mraba, msumari mmoja kila pembe. Nikautengeneza. Akausukuma kwa kidole, ukalala upande. Akapigilia ufito wa tano kwa mshazari, akaniambia nisukume mimi. Haukutikisika. Kichanja chetu hakikuwa na mshazari wowote. Boriti za kupachikwa kwa ndoano hubeba vizuri kwenda chini, ila mtu akijigonga kando, au maji yakiyumba ndani ya tangi, ndoano hizo peke yake si za kutumainiwa. Wenzetu wa Kagera hawajasahau tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipowakuta mchana. Na msukumo wa tetemeko huja kwa ubavu.

Sasa niseme tulivyofanya. Tumepata kichanja cha boriti fupi, za sentimeta 125, hivyo tangi linafika karibu kabisa na nguzo pande zote mbili, na kupinda kumepungua karibu nusu kwa mzigo ule ule. Upana wake ni sentimeta 45. Tangi haliwezi kuegemea boriti moja kuliko nyingine hata mtu akitaka. Rafu zote zimerudishwa, na tangi lipo juu ya ile ya chini ili uzito uwe karibu na sakafu. Nyuma tumefunga vyuma viwili vya mshazari, na juu kichanja kimekazwa ukutani kwa bolti. Ubao wa zamani ulikuwa wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambao ukilowa huvimba na kumong'onyoka, na mahali penye samaki hapakosi kulowa. Tumeweka plaiwudi ya milimeta 18 iliyopakwa rangi ya mafuta hata kingoni. Chini ya kila mguu pana kipande cha bati nene.

Kusawazisha hatukuhitaji chombo cha kununua, kwa maana tangi lenyewe ni pima maji. Tulitia maji ya vidole viwili, tukapima kina kwa rula katika pembe zote nne. Penye tofauti tuliondoa maji, tukatia kabari ya chuma chini ya mguu wa kichanja, tukapima tena. Kabari isiwekwe kamwe kati ya tangi na rafu, maana hapo utakuwa umelikalisha tangi lote juu ya kijiti. Kazi hiyo ilituchukua mchana mzima wa Jumamosi, na mara nne nilitamani kusema tena neno lile nililosema mwanzo.

Baada ya hapo tulijaza kwa siku tatu, theluthi kila siku. Uzi umefungwa toka mwisho hadi mwisho wa boriti ya mbele, nao ndio unaotuonyesha boriti imeshuka kiasi gani. Siku tangi lilipojaa ilishuka milimeta moja. Hadi leo, wiki ya saba, haijaongezeka. Mwanafunzi yule wa Kidato cha Kwanza ameomba apewe kazi ya kuupima kila Jumamosi, naye amepewa.

Mzazi aliyeahidi kutuletea tangi la pili tunamshukuru sana. Tunamwomba atutumie vipimo vyake kabla ya kulipakia garini, urefu, upana na kimo, vya nje na vya ndani, tupate kumtafutia fundi boriti zinazolifaa. Kichanja cha zamani kimerudi stoo ya vitabu, boriti yake iliyopinda imeondolewa, na kinabeba madaftari.