Pesa ya Mombasa ya 1888: Usiiuze kwa Kilo

Ukiokota sarafu ya shaba yenye picha ya mizani, maandishi ya Kiarabu na jina la Mombasa, usiipeleke kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Huenda ni pesa ya mwaka 1888. Haikutolewa na serikali, bali na kampuni ya biashara, Imperial British East Africa Company, iliyotawala hapa hadi 1895.

Rupia moja ilikuwa na pesa 64, kwa hiyo sarafu hii ilifaa kwa manunuzi madogo dukani. Jina lake, lenye asili ya Kihindi, leo ndilo tunaloitia fedha zote.

Kwa Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali.

Usiisugue kwa mchanga wala ndimu, kwani maandishi yatafutika. Ifunge katika karatasi kavu, andika ulipoiokota, kisha uwaonyeshe maafisa wa makavazi pale Fort Jesus. Ikiyeyushwa, historia yake imepotea.